Milioni Moja Baada ya Kipenga: Serikali na Wanamichezo wa Ukanda wa Ziwa



Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa kwa pamoja michuano ya soka ya Afrika ya CHAN, Rais William Ruto aliwaahidi wachezaji wa timu yetu ya taifa, Harambee Stars, shilingi milioni moja kila mmoja kwa kila mechi watakayoshinda, na nusu milioni kwa kila sare. Vijana wakajituma. Wakaifunga DR Kongo bao moja kwa bila, mfungaji Austin Odhiambo wa Gor Mahia. Wakatoka sare na Angola. Wakaifunga Morocco, hao hao waliokuja kulibeba kombe. Wakaifunga Zambia. Kwa hesabu ya ahadi ile, kabla hata robo fainali haijapigwa, kila mchezaji alikuwa ameshajipatia milioni tatu na nusu. Kisha Madagascar wakatutoa kwa penalti, na sidhani kama kuna mtu mtaa wa Kondele hapa Kisumu aliyelala mapema usiku ule.

Sina ugomvi na zile milioni. Mchezaji wa ligi yetu anaweza kukaa miezi bila kuona mshahara klabuni kwake, kwa hiyo akipata na apate. Swali nililokuja nalo jioni hii ni jingine. Kijana yuleyule, siku ya kawaida ya mwezi Februari, hakuna mechi ya taifa, hakuna kamera, goti linamsumbua na mwenye nyumba amebisha hodi mara mbili, nani anamlipa? Kwangu mimi, jibu la swali hilo ndilo sera ya michezo ya nchi. Yaliyobaki ni sherehe.

Tuanze na waliotutangulia. Wilson Kiprugut alipotuletea medali ya kwanza ya Olimpiki kutoka Tokyo mwaka 1964, alikuwa mwanajeshi. Naftali Temu, jirani yetu wa Nyamira, aliyeshinda dhahabu ya kwanza ya Kenya katika mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968, alikuwa mwanajeshi. Kipchoge Keino alikuwa polisi. Hakuna aliyewaita wanamichezo wa kulipwa, na sheria za Olimpiki za wakati ule zisingeruhusu. Lakini kila mwisho wa mwezi walikuwa na mshahara, walikuwa na chakula cha kambini, walikuwa na mkubwa wa kikosi anayewapa ruhusa ya kufanya mazoezi. Serikali changa isiyo na fedha ilikuwa imeshapata njia ya kumlea bingwa bila kuunda hata kamati moja.

Huku kwetu ziwani njia hiyo ilipitia kwenye miwa.

Ukitoka hapa mjini kwa barabara ya Mamboleo, ukapita Kibos na Miwani, unaingia katika nchi ya miwa hadi Chemelil na Muhoroni. Pale Chemelil uwanja wa mpira uko jirani na kiwanda. Katika miaka mizuri ungekaa upande wa watazamaji ukaona bomba la kiwanda likitoa moshi, ukanusa molasi, ukasikia matrekta ya miwa yakipita wakati kipa anapanga ukuta wake. Chemelil Sugar ilikuwa timu ya kampuni, na kampuni ilikuwa ya serikali. Basi la timu lilijazwa mafuta kutoka tangi moja na magari ya kampuni. Mchezaji aliandikishwa kazi, huyu ofisini, yule karakana, mwingine ghalani, na alasiri akaruhusiwa kwenda mazoezini. Akiumia, zahanati ya kampuni ilikuwa hapo hapo. Akizeeka kimpira, kazi ilibaki. Hilo la mwisho ndilo lililowafanya wazazi wakubali mtoto aache vitabu kidogo akimbize mpira.

Awendo walifanya hivyohivyo. SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha miwa cha Nyanza Kusini, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu mwaka 2006. Hebu tulitafakari jambo hili kidogo, maana tumelisahau upesi mno: timu kutoka Awendo, Kaunti ya Migori ya leo, iliwapita wakubwa wote wa Nairobi. Muhoroni Youth nao wakapanda Ligi Kuu mwaka 2012. Hapa mjini Western Stima, timu iliyodhaminiwa na kampuni ya umeme, ilicheza mechi nyingi Moi Stadium. Posta ilikuwa na timu, Reli ilikuwa na timu. Mtu angeweza kutaja nusu ya mashirika ya umma ya Kenya kwa kusoma ratiba ya ligi.

Mpango ule ulikuwa na kasoro, tena si ndogo. Timu zile zilikuwa za wanaume. Msichana wa Nyakach au wa Nyando aliyecheza mpira kuwashinda kaka zake hakuandikwa kazi na kiwanda chochote cha sukari. Leo shule ya Nyakach Girls inajulikana kote katika michezo ya shule za sekondari, na mwaka 2024 Junior Starlets walikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika fainali za Kombe la Dunia la FIFA, la wasichana wa chini ya miaka 17. Wamefika huko kwa juhudi za walimu na wazazi, na si kwa mshahara wa shirika la umma.

Kisha viwanda vikaanza kuyumba. Miwani na Muhoroni viliwekwa chini ya wasimamizi wa madeni mwaka 2001. Wakulima wakakaa bila malipo ya miwa yao, wafanyakazi bila mishahara, na mahali ambapo mkulima hajalipwa, nani atathubutu kumlipa mshambuliaji? Mwaka 2019 SoNy Sugar ilifukuzwa Ligi Kuu baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Bingwa wa 2006 hakupata nauli. Msimu huohuo Chemelil ikaburura mkia na kushuka daraja. Mei 2025 serikali ilivikodisha viwanda vinne vya sukari, vya Chemelil, Muhoroni, Nzoia na SoNy, kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30. Mijadala ikawa ya madeni ya wakulima, mishahara na mashine zilizochakaa, na hayo yote yalistahili kujadiliwa. Habari ya timu sikuisikia.

Sasa angalieni jambo moja ambalo wanauchumi wetu hulipita. Fedha zile za sukari hazikuandikwa popote katika bajeti ya taifa kama fedha za michezo. Kwa hiyo zilipokatika, hakuna waziri aliyesimama bungeni kutetea, hakuna mbunge aliyelalamika kuwa kifungu kimepunguzwa, maana kifungu hakikuwepo. Ukanda mzima ulipoteza ufadhili wa michezo ya kiwango cha juu, na vitabu vya serikali havikuonyesha hata shilingi moja iliyopungua.

Pengo lile lilizibwa na kamari. Mnakumbuka miaka ile ambapo jezi za Gor Mahia, za AFC Leopards na ligi yenyewe zilibeba jina la SportPesa. Serikali ikapandisha kodi ya kamari hadi asilimia 35 kuanzia Januari 2018. Kampuni ikajibu kwa kusitisha udhamini wake. Kodi ikashushwa, udhamini ukarudi. Mwaka 2019 likazuka zogo jipya la kodi na leseni, na Agosti mwaka huo udhamini ukakatwa tena. Gor Mahia, klabu pekee ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la Afrika, ile iliyotoka sare ya 2-2 na Esperance kule Tunis na ya 1-1 Kasarani mwaka 1987 ikabeba Kombe la Washindi kwa mabao ya ugenini, ikabaki ikipitisha bakuli kwa mashabiki. Mimi si mtetezi wa kamari. Nimewaona vijana wa Nyalenda na Manyatta wakitandika mkeka wa kamari asubuhi kwa nauli ya kazini. Ninachosema ni kwamba serikali iliweza kuivuruga ligi nzima kwa kifungu kimoja cha sheria ya fedha, na haikuwa na mpango wa siku ya pili.

Au tuseme mpango ulikuwapo, lakini ulitazama mahali pengine. Sheria ya Michezo ya 2013 ilituletea Sports Kenya, Chuo cha Michezo cha Kenya, msajili wa michezo, baraza la kuamua migogoro, na mfuko wa taifa wa michezo. Mwaka 2018 mfuko huo ulipisha mwingine mpana zaidi, wa michezo, sanaa na maendeleo ya jamii, unaolishwa na kodi za kamari, bahati nasibu na michezo ya kubahatisha. Kwa maneno mengine, mkeka wa Kondele ukichanika, sehemu ya shilingi ile inasafiri hadi Nairobi, inakaa katika mfuko, kisha inagawanywa. Na haigawanywi kwa michezo peke yake. Afya kwa wote imo humo. Sanaa imo humo.

Namna fedha hizo zinavyotoka ndiyo inayowachosha wanamichezo. Shirikisho la mchezo huandika ombi: tiketi, malazi, posho, sare, ada ya kushiriki. Ombi huenda kwa wizara, likapitiwa, likarudishwa kusahihishwa, likaenda kwenye mfuko, likasubiri fedha kutoka hazina. Wakati huo mashindano hayasubiri. Ndiyo maana mnasikia timu imeondoka usiku wa kuamkia mechi, au imebaki. Kwa mashirikisho makubwa kama ya riadha, walau yapo mashirika ya nje na mameneja wa kigeni wa kuziba mwanya. Kwa mchezaji wa hoki, wa ndondi, wa raga ya wasichana, hakuna wa kuziba.

Mfano wa kukumbukwa ni Rio 2016. Julius Yego, polisi, aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, kisha akapelekwa Finland kwa ufadhili wa shirikisho la riadha la dunia, alikuwa bingwa wa dunia: Beijing 2015 alirusha mita 92.72. Mwaka uliofuata, siku ya kuondoka kwenda Olimpiki, alifika uwanja wa ndege wa Nairobi akaambiwa hana tiketi. Ikatafutwa, akaenda, akarudi na medali ya fedha. Kenya ilipata medali 13 kule Rio, sita za dhahabu, na kashfa moja kubwa ya fedha. Septemba 2021 mahakama ilimtia hatiani aliyekuwa waziri wa michezo, Hassan Wario, pamoja na mkuu wa msafara, Stephen Soi. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba tatizo ni uhaba wa fedha tu. Fedha zilikuwepo, tiketi ya bingwa wa dunia ndiyo haikuwepo.

Baada ya hapo serikali imezidi kuipenda zawadi. Juni 2023 Faith Kipyegon alipovunja rekodi mbili za dunia katika muda wa wiki moja, ya mita 1500 na ya mita 5000, alikabidhiwa milioni tano na nyumba. Waliorudi na medali kutoka Paris mwaka 2024 walipata milioni tatu kwa dhahabu, mbili kwa fedha, moja kwa shaba. Kipyegon alistahili kila senti, na wenzake pia. Lakini zawadi ina tabia ya mnunuzi wa samaki pale Dunga: hungoja mtumbwi ufike, akapima, akalipa kwa uzito. Nyavu zilinunuliwa na nani, injini ilikopwa wapi, hayo si yake. Na wale ambao usiku huo hawakupata kitu, waliokesha majini vilevile, hawamhusu.

Majirani zetu wa ziwa hili hili wamejaribu njia zao. Tanzania, Rais Samia Suluhu Hassan alianza mwaka 2023 kununua mabao ya Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika kwa shilingi milioni tano za kwao kila bao, na Yanga wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka huohuo. Inachangamsha, bado ni zawadi. Uganda wameweka posho ya kila mwezi kwa walioshinda medali: milioni tano za Uganda kwa dhahabu, tatu kwa fedha, moja kwa shaba. Hiyo imesogea karibu zaidi na ninachokitafuta, kwa sababu inaheshimu mwezi wa Februari. Kasoro yake ni kwamba lazima kwanza ushinde ukiwa na njaa ndipo ulishwe.

Waingereza, ambao tuliwarithi mambo mengi yasiyo na faida, wana moja la kutazamwa. Atlanta 1996 walipata dhahabu moja tu, wakawa wa 36 duniani. Mwaka 1997 wakaanza kupeleka fedha za bahati nasibu ya taifa kwa wanamichezo wenyewe, za kujikimu na za makocha, kwa mpango wa miaka minne minne. Rio 2016 walikuwa wa pili kwa dhahabu 27. Njia hiyo ina ukatili wake pia: mchezo usioonyesha dalili ya medali ulikatiwa fedha, na mpira wa kikapu, unaochezwa na watoto wengi wa mitaa ya kimaskini ya London, ulikatwa mwaka 2014. Sisi wa shule za Agoro Sare na Maseno, tunaojua kikapu kinamfanyia nini kijana, tusingependa kuiga hilo. Lakini mnaona: nao fedha zao ni za kubahatisha kama zetu. Tofauti iko katika siku ya kulipa.

Turudi nyumbani, Mamboleo.

Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi viwanja vya kimataifa, na Kisumu ilikuwa katika orodha. Miaka ikapita. Septemba 2017 CAF ikatunyang'anya CHAN ya 2018 kwa sababu viwanja havikuwa tayari, ikaipa Morocco. Hatimaye Kisumu ilipata uwanja wake wa Jomo Kenyatta pale kwenye viwanja vya maonyesho vya Mamboleo, na siku iliyouharakisha ilikuwa Juni 1, 2021, sikukuu ya Madaraka. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Homa Bay: Madaraka ileile, katika Uwanja wa Raila Odinga. Hivyo ndivyo miundombinu ya michezo inavyoingia ukanda wa ziwa, ikiwa imefuatana na gwaride. Mkandarasi hafanyi kazi kwa kalenda ya ligi. Anafanya kwa kalenda ya ikulu. Jukwaa la wageni wa heshima litakuwa tayari. Njia ya kukimbilia, vyumba vya kubadilishia nguo, taa, maji ya kunyweshea nyasi, hayo yanaweza kungoja, maana rais hatacheza.

Na sherehe ikiisha, Katiba inaanza kuzungumza. Jedwali la Nne linaipa serikali ya taifa jukumu la kukuza michezo na elimu ya michezo, na kaunti zikapewa shughuli za michezo na viwanja vyake. Sentensi hiyo inasomeka vizuri ukiwa Nairobi. Ukiwa Kisumu maana yake ni kwamba nyasi ni zako na fedha ni za mwenzako. Uwanja ule wa Mamboleo tumeutumia kwa mambo mazito. Oktoba 2025 ndipo watu wa ziwa walipojaa kumuaga Raila Odinga, mlezi wa Gor Mahia kwa miaka mingi. Hakuna anayeweza kusema haukuwa na kazi siku hiyo. Lakini CHAN ilipokuja, miezi miwili kabla, Harambee Stars walicheza Kasarani mechi zao zote, na sisi tukatazama kwenye skrini.

Nairobi nayo ilianza kujengewa uwanja wa watu 60,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027, kwa dhamana ya takriban shilingi bilioni 45 iliyouzwa kwa wawekezaji. Mimi ni mtu wa hesabu ndogondogo, mtanivumilia. Tuseme Kenya ichague wanamichezo 200 wa michezo yote, wanaume na wanawake, wenye dalili ya kufika mbali, iwape shilingi 40,000 kila mwezi. Hiyo ni milioni nane kwa mwezi, milioni 96 kwa mwaka. Zile bilioni 45 zingewalipa kwa zaidi ya miaka mia nne. Si haki kulinganisha uwanja na posho, najua, uwanja utabaki. Basi tulinganishe na CHAN. Wachezaji 25 kwa milioni tatu na nusu kila mmoja ni milioni 87 na nusu. Wiki mbili tu za mechi za kundi zilikaribia kumaliza posho ya mwaka mzima ya wanamichezo 200.

Wapo watakaosema, na wana haki, kwamba mtu hawezi kudai posho ya mkimbiaji wakati mgonjwa anangoja kitanda pale hospitali ya Jaramogi. Ningewaunga mkono kama serikali ingekuwa imeamua kutogharimia kabisa michezo ya kiwango cha juu. Haijaamua hivyo. Inagharimia, tena kwa mamilioni, ila inatoa fedha mwishoni, mbele ya kamera, kwa hiari ya mkubwa. Hoja yangu haihitaji shilingi mpya. Inahitaji shilingi ileile itoke miezi kumi na minane mapema, kwa orodha iliyochapishwa, isiyotegemea mtu anajuana na nani katika shirikisho.

Na msiambiwe kwamba serikali yetu haiwezi kuahidi fedha kwa miaka mingi. Mwishoni mwa 2022, riadha ya Kenya ilipokuwa inachungulia adhabu ya kimataifa kwa wingi wa visa vya dawa zilizopigwa marufuku, serikali iliahidi dola milioni tano kila mwaka kwa miaka mitano za kupambana na dawa hizo. Ahadi ilitolewa haraka, kwa tarakimu, na kwa muda unaojulikana, na adhabu ikaepukwa. Tulipoogopa kufungiwa, miaka mitano ilipatikana. Kwa kumlisha mkimbiaji huyohuyo asishawishike na dawa hizo, haijapatikana hata miwili. Kuhusu kufungiwa tunajua wenyewe: Novemba 2021 serikali ililivunja shirikisho la soka kwa madai ya fedha kutohesabiwa, Februari 2022 FIFA ikatufungia, na hadi Novemba mwaka huo hatukuwa na timu ya taifa ya kuzungumzia. Fedha za umma lazima zikaguliwe, na njia rahisi kuliko zote ya kuzikagua ni kuzituma moja kwa moja kwenye simu ya mchezaji. Posho ya elfu arobaini haina mahali pa kujificha. Msafara wa Olimpiki unapo.

Kuna dalili kwamba mtindo wa zamani haujafa. Bingwa wa Ligi Kuu wa msimu wa 2024/25 ni Kenya Police, kwa mara ya kwanza katika historia yao. Gor Mahia wakati huo ilikuwa na mataji 21, na mashabiki kutoka hapa hadi Mombasa. Police wana mashabiki wachache wanaoweza kuingia katika matatu tatu. Lakini wana taasisi ya serikali nyuma yao, na miguu inayolipwa kila mwezi hukimbia dakika zote tisini. Ndugu zangu wa Gor Mahia, mnaweza kununa, ila hilo ndilo jibu la kitendawili cha msimu ule. Tatizo langu na polisi ni kwamba si kila kijana anataka au anaweza kuvaa sare, na kituo chao hakiko Ahero. Chemelil iliwapa mshahara vijana wa Nyando wakiwa Nyando.

Kaunti zetu zinaweza kuanza kidogo bila kungoja Nairobi. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori zikiajiri kila moja wanamichezo ishirini kama wakufunzi wa michezo katika wadi, kazi ya nusu siku, mshahara wa kila mwezi, bima ya matibabu, na nusu yao wawe wanawake, tutakuwa na watu themanini wenye Februari salama. Wawekezaji waliovikodi viwanda vya sukari nao waulizwe. Viwanja vile vya Chemelil na Awendo vilijengwa kwa jasho la mkulima wa miwa, na watoto wa mkulima huyo bado wako pale.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja. Kwa sheria yetu ya fedha za umma, makadirio ya bajeti hufika mbele ya Bunge la Taifa na mabunge ya kaunti kabla ya Aprili 30 kila mwaka, na lazima wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Vikao hivyo hufanyika katika kumbi kama hii, na mara nyingi nusu ya viti huwa vitupu. Viongozi wa matawi ya Gor Mahia wanajaza mabasi kwenda Kasarani. Wajaze mabasi mawili kwenda bunge la kaunti. Mkifika, msiombe mipira wala jezi. Ombeni mwonyeshwe ukurasa wenye posho ya kila mwezi ya wanamichezo, na kama haupo, msiondoke mpaka waziri wa kaunti aeleze utaingia lini.